Umeme wa Kudumu kwa Vifungo Kumi

Tarehe 4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kibanda chako bado kimesimama. Mara ya mwisho ulisema paa linavujia redio za wateja wanaochelewa kuzichukua, zile nyingine haziguswi, nikashindwa kujua kama la kulaumiwa ni paa au ni wewe. Sisi huku hatujambo. Mtoto ameota jino la pili na ameanza kulitumia kwenye daftari langu la kazini. Mama yake anakuamkia. Anasema ile redio uliyompa bado inaimba, ila imeshika stesheni moja na haitaki kuiachia.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu unaizima ukiwa kazini, na ukiiwasha unanipokea kwa "sema haraka". Jambo hili halisemeki haraka.

Unajua nilipewa stoo ya vifaa hapa hospitali, kwa majaribio ya mwaka mmoja. Nina mashine kumi za magurudumu: sita za kufyonza makohozi na nne za oksijeni. Kwenye daftari zipo kumi. Huko wodini, Mungu ndiye ajuaye. Zingekuwa zinaibwa ingekuwa nafuu, ningeita polisi. Zinafichwa. Kila wodi ikipata mashine inaificha, kwa sababu inajua ikiiazimisha haitarudi. Wodi ya kina mama wanaiweka nyuma ya mashuka. Wodi ya wanaume wanaifunika kitambaa na kuweka maua juu yake, ukiingia unaisifia meza. Kiongozi wa wauguzi, ambaye sote tunamwita Mama Funguo kwa ule mzigo wa funguo kiunoni, aliniambia bila haya: "Kijana, mashine isiyoonekana ndiyo mashine iliyopo."

Mwezi uliopita mzee mmoja alisubiri mashine ya kufyonza dakika ishirini. Ilikuwa milango mitatu kutoka kitandani kwake, imevaa shuka. Mzee alipona. Mkuu wa hospitali hakupona. Ameniambia mwezi wa sita atafanya ukaguzi: atataja namba ya mashine yoyote, na isipofika mbele yake ndani ya dakika tano, barua ya kunithibitisha kazini haitaandikwa. Itaandikwa nyingine.

Basi nimejiongeza. Nimeagiza vile vifaa vidogo vya bluetooth ambavyo watu hufunga kwenye funguo na mabegi visipotee. Vina umbo la kifungo cha koti, nami naviita hivyo, vifungo. Nabandika kimoja kwenye kila mashine. Nikipita koridoni na simu yangu, simu inakisikia kifungo kikiwa hatua kama kumi na tano, nabonyeza, nacho kinalia kama kifaranga hata kikiwa chini ya shuka. Nilijiona mtu mwenye akili kwa siku tisa.

Siku ya kumi vikaanza kunyamaza. Ndani yake mna betri bapa kama sarafu, inayotakiwa kudumu mwaka. Kumbe betri hiyohiyo ndiyo ya vipima sukari, na ndiyo ya rimoti za magari. Wanazichomoa. Mama Funguo anafungua gari lake kwa betri yangu, na ananipungia mkono.

Ninachoomba ni hiki: unaweza kukitoa kifungo kwenye mambo ya betri, kikanywa umeme wa ukutani, wa kudumu? Kisiwe na kitu cha kuchomoa. Nakutumia kimoja kwa basi, pamoja na barua hii.

Mtoto wa kaka yako.


Tarehe 19 Februari

Daftari, mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Paa ni paa, usilitafutie maana. Goti la kushoto linanikumbusha mvua kabla haijanyesha, kwa hiyo huwa naanua nguo kabla ya majirani nao wanadhani nina elimu. Mbusu mtoto. Mwambie mama yake agonge redio ubavuni, upande wa kulia, si kwa hasira.

Kifungo nimekipata. Ni kazi ndogo na umeieleza kwa maneno mengi, ndiyo maana nilikupa jina hilo ukiwa darasa la tatu.

Sikiliza. Kifungo hiki kinakunywa volti tatu. Chaja ya simu inatoa tano. Ukikipa tano kitafurahi mara moja tu. Kwa hiyo nimetafuta kipande cha kupunguza umeme, kidogo kama punje ya mahindi, nikakiweka katikati. Kisha nimekata kisahani cha ukubwa wa ile betri, shaba juu na shaba chini, nikachomelea waya mmoja kila upande. Kisahani kinakaa mahali pa betri, kifungo kinadhani ni betri. Ni uongo, lakini kinaamka na kulia, na nimekisikia kwa masikio yangu.

La pili, nisikilize vizuri zaidi. Usifungue mashine ya mgonjwa. Hata skrubu moja usiguse. Funga ekstensheni kwenye kigari cha mashine: mashine ichomekwe hapo, na chaja yetu ichomekwe pembeni yake. Sisi ni abiria tu, tunadandia.

Leta vyote kumi. Na ukiandika tena tumia wino mweusi, huo wa bluu wa siku hizi umepauka. Hata balbu za siku hizi hazina nguvu. Nimebadilisha ya mezani mara mbili.

Shangazi yako.


Tarehe 20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Wino ni mweusi, kama ulivyoagiza. Mtoto sasa anasimama kwa kushika ukuta, halafu anauachia kuona kitakachotokea, na kinatokea kilekile. Redio imegongwa ubavuni ikahamia stesheni ya pili. Sasa ina mbili, zote kwa pamoja.

Vifungo kumi vilifika na nikavifunga siku hiyohiyo. Nikakaa stoo na simu yangu kama mtu anayesubiri posa ijibiwe. Siku ya kwanza, vizuri. Siku ya pili nikaitafuta mashine namba nne. Kimya. Nikazunguka ghorofa zote mbili. Kimya. Nikaikuta imesimama kwenye chumba cha sindano, imechomolewa ukutani.

Ndipo nilipoelewa, nikakaa chini kwenye ndoo. Kifungo kinakunywa umeme wa ukutani. Mtu akitaka kuiba mashine kutoka wodi ya jirani, anafanya nini kwanza? Anaichomoa. Akiichomoa, kifungo kinakufa. Kinafufuka ikishachomekwa tena. Kwa hiyo sasa ninajua kwa uhakika mashine iko wapi wakati wote ambao haipotei.

Nimemweleza Mama Funguo, nikitegemea huruma. Amecheka mpaka funguo zikalia. "Umemfuga mbwa anayelala mwizi akigonga," akasema, kisha akaenda kuwaambia wa ghorofa ya juu.

Halafu vitatu havikuamka kabisa. Nadhani ni basi, njia ina mashimo.

Zimebaki wiki kumi na tatu kabla ya ukaguzi. Nakurudishia vyote. Sijui nikuombe nini, maana nilichoomba ulikifanya.

Jingine dogo: barua yako ilikuwa kurasa sita, kwa maneno ambayo mwaka jana yangekaa kwenye moja. Maneno matatu kwa mstari. Mke wangu anauliza kama umeanza kuwaandikia wakuu wa nchi.

Mwanao.


Tarehe 2 Aprili

Daftari,

Marahaba, na mwambie mke wako karatasi ninazo nyingi na mkono ni wangu.

Nimekasirika, kwa hiyo nitaanza na habari za nyumbani nipoe. Fundi cherehani wa mlango wa pili ana mfanyakazi mpya mwenye majivuno ya ajabu. Siku tatu nampita mlangoni asubuhi nampa salamu, haitikii. Siku ya nne nikamwambia fundi cherehani, mfundishe mtu wako adabu. Akanitazama. Kumbe ni lile sanamu la kuvalisha magauni, amelitoa nje. Sasa ni nani anayeweka sanamu mlangoni na kulivalisha koti? Watu hawana mpango.

Sijapoa.

Uliniomba umeme wa kudumu. Hukuniambia kwamba mashine inatembea na inachomolewa. Umeniandikia meno ya mtoto, umeniandikia maua ya wodi ya wanaume, lakini ugonjwa wenyewe wa kifaa umeubakiza mfukoni. Mgonjwa asiyesema panapouma hudungwa sindano popote. Tangu ukiwa mdogo ndivyo ulivyo: unavunja sahani unakuja kunieleza hali ya hewa.

Dawa ipo. Tangi. Nyumba yenye tangi la maji juu ya paa haijui kama bomba la mtaani limekatika. Nimenyofoa betri ndogo za kuchajiwa kwenye simu mbovu za hapa kibandani, nzima, nimezisikiliza moja moja. Umeme wa ukutani unalijaza tangi, kifungo kinakunywa kutoka kwenye tangi. Mashine ikichomolewa, kifungo kinaendelea kulia wiki tatu. Ikichomekwa, tangi linajaa tena. Na safari hii yote nimeyafungia ndani ya kasha la plastiki lenye skrubu nne, Mama Funguo wako aje na bisibisi.

Kuhusu vitatu "vilivyokufa njiani". Kazi yangu haifi njiani. Kwa miaka thelathini na moja haijafa njiani. Njia ina mashimo, sawa, na redio zangu zimepanda mabasi hayohayo. Tafuta sababu nyingine, na usiitafutie kwangu.

Shangazi yako.


Tarehe 6 Mei
(Hii haikutumwa.)

Shangazi,

Shikamoo. Sitaanza na mtoto.

Vifungo vilifika tarehe 18. Tangi ni akili kubwa, na ninasema hivyo nikiwa na hasira. Nilichomoa mashine zote kumi makusudi na zote zikaendelea kuongea. Niliwapita wauguzi nikipiga mluzi.

Wiki ya pili vinne vikanyamaza. Hapo hapakuwa na basi. Nilichukua namba saba, nikafungua skrubu zako nne, nikaangalia.

Wewe ndiye uliyeniketisha juu ya kreti la soda kibandani kwako, nikiwa na miaka minane, ukaniambia pasi ya kuchomelea sitaishika kamwe kwa sababu mkono wangu ni wa kalamu, lakini macho ninayo, kwa hiyo niangalie. Ukanionyesha. Lehemu iliyoshika inang'aa kama tone la maji na inalalia waya. Lehemu isiyoshika imefifia, imekaa kama kidonge juu ya waya, inagusa tu. Ukasema hiyo ni mgeni aliyekaa ukingoni mwa kiti, ukitikisa mlango anaondoka.

Namba saba ina viungo sita. Vinne vimefifia. Mezani kwako kilipata umeme, kikalia, ukasikia, ukakifunga. Huku kigari kikapanda kizingiti cha mlango wa wodi mara kumi kwa siku, na mgeni akaondoka. Nimefungua vyote kumi. Kisichokuwa na kasoro ni kimoja.

Mtu wa miaka thelathini na moja hakosei hivyo kwa uzembe. Hukuziona. Balbu haina kosa. Wino wangu wa bluu haukupauka. Na lile sanamu, Shangazi, nilicheka nilipolisoma, na nikaacha kucheka nikiwa bado sijafika mwisho wa mstari.

Sijui kumwambia mtu aliyenilea kwamba


Tarehe 6 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, mtoto anatembea hatua nne. Vifungo vilifika salama na vyote vinafanya kazi. Ahsante sana. Tangi limewashinda.

Huku kumefunguliwa kliniki ya macho, chini kabisa, karibu na stoo yangu. Daktari wake mpole, na Jumatano hana foleni. Nasema tu.

Mwanao.


Tarehe 21 Mei

Daftari,

Marahaba. Mimi mzima, goti zima, paa limezibwa.

Barua yako imekuja fupi, nimeipima mkononi nikadhani ni bahasha tupu. Wewe ambaye ukiumwa na mbu unaandika kurasa mbili. Unasema vyote vinafanya kazi. Mwanangu, nimetengeneza vitu tangu kabla baba yako hajaoa, na sijawahi kuona vitu kumi vikafanya kazi vyote kumi. Hata vya kiwandani kimoja hurudi. Mteja akiniambia kila kitu ni sawa, hujua amepeleka kwa fundi mwingine.

Umepeleka kwa fundi mwingine?

Habari ya daktari wa macho nimeisoma. Sikuulizia. Naona vizuri. Naona mlima, naona mawingu, naona watu wanaojifanya wajanja. Usiniletee tena.

Shangazi yako.


Tarehe 14 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Wote hatujambo. Nimeandika barua hii mara tano, na hii ndiyo ya tano, kwa hiyo uisome hata kama hutaki.

Ukaguzi ulifanyika juzi, siku sita kabla ya tarehe, kwa sababu Mkuu anaamini tarehe ni za kuwatega watu. Alisimama katikati ya koridoni na saa mkononi. "Namba saba." Simu yangu ikaisikia ghorofa ya juu, chumba cha mashuka. Dakika tatu. "Namba mbili." Ilikuwa chini ya ngazi, imefunikwa koti la kazi la Mama Funguo mwenyewe. Kifungo kikalia chini ya koti lake, naye akatazama dari. Dakika mbili. Mkuu akaendelea mpaka zikaisha zote kumi. Hakuna iliyofika dakika tano. Mama Funguo akaniambia pembeni, "Umetuvua nguo, kijana," lakini alisema kama mtu aliyechoka kuficha.

Sasa ninakuja kwenye sahani iliyovunjika.

Ulinihisi nimepeleka kwa fundi mwingine. Ndiyo. Fundi mwenyewe ni mimi. Lehemu yako haikushika. Tisa kati ya kumi. Nilivifungua, nikaazima pasi kwa fundi umeme wa hospitali, nikachomelea upya kiungo kimoja kimoja kwa siku nne za mapumziko ya mchana. Nimeungua vidole vitatu na kiganja. Kazi yangu ni mbaya kuitazama, inafanana na matope yaliyorushwa ukutani, lakini imeshika. Sikukuambia. Nilikuandikia kwamba vyote vinafanya kazi, na vilifanya, baada ya mimi kuvichomelea kwa siri.

Ningeendelea kuficha. Tatizo ni Mkuu. Amefurahi. Sasa anataka vingine sitini, kwa viti vya magurudumu, vitanda vya kusukuma, kila kitu chenye gurudumu. Aliniuliza nani kavitengeneza nikasema shangazi yangu. Akasema, "Huyohuyo. Vije kabla ya mwisho wa Septemba, nami nitasaini barua yako siku vitakapofika." Kwa hiyo barua yangu ya kazi sasa inasubiri mikono yako.

Nimefikiria njia zote. Naweza kukuletea sitini, urudishe sitini, nivifungue vyote nivichomelee upya, halafu nikuandikie kwamba ni kazi yako nzuri ya siku zote. Nimechoka kuandika hivyo. Na kikinipita kimoja, nisikione, kuna mtu atalala kitandani anakoroma akisubiri kitu kilicho milango mitatu kutoka kwake.

Ulinifundisha kwamba mgonjwa asiyesema panapouma hudungwa sindano popote. Nami nakuuliza, Shangazi: panauma wapi? Maana naona umenyamaza, na unapiga kelele kuhusu balbu.

Mwanao.


Tarehe 25 Juni

Nimepata barua yako. Usiandike mpaka nikuandikie.


Tarehe 3 Agosti

Daftari,

Marahaba ya tangu Juni. Mbusu mtoto, bila shaka sasa anakimbia. Mimi sikuwa mgonjwa, nilikuwa na hasira, nayo ni kazi ya kutwa.

Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira na wewe. Nilisema huyu mtoto hajui lehemu, ameiharibu mwenyewe kisha anasingizia. Wiki ya pili nikachukua redio tatu nilizozimaliza mwezi wa tano, za wateja ambao hawajaja, nikazitikisa. Zote tatu zilikuwa zinaimba kabla sijazitikisa. Moja ikabaki inaimba.

Wiki ya tatu nilimkasirikia fundi cherehani, bila sababu, yuko karibu tu.

Umeuliza panauma wapi. Hapaumi. Ndiyo shida yake, pangeuma ningejua la kufanya. Kuna ukungu. Ulianza jicho la kulia, kama mtu amepulizia kioo pumzi, nikawa nasubiri aondoke. Haondoki. Mwaka na nusu sasa. Lehemu naijua kwa sauti yake ikiyeyuka, naijua kwa harufu, na kifungo kikilia najua kimepata umeme. Kung'aa ndiko siwezi kukusikia. Nilidhani masikio na pua vitatosha. Vimetosha kwa muda mrefu kuliko unavyodhani, nataka ulijue hilo.

Sikwenda kwa daktari kwa sababu ya dada yangu mkubwa. Hukumkuta. Yeye alikuwa mshonaji, ukungu huohuo, wakamwambia ni mtoto wa jicho, jambo dogo, dakika chache. Wakampasua yote mawili kwa siku moja. Alirudi nyumbani amefungwa kitambaa, na kitambaa kilipotolewa hakikubadilisha kitu. Alikaa miaka kumi na mbili mlangoni akiwauliza wapita njia ni saa ngapi. Mtu yeyote akiniambia "daktari mpole" ninamwona dada. Wewe uliniambia "nasema tu", nikaiweka barua yako chini ya kabati kwa wiki nzima.

Sasa nisikilize, na safari hii usinijibu kwa hali ya hewa.

Kwanza, vile kumi ni vyako. Nenda kamwambie Mkuu wako hivyo. Usilitie jina langu kwenye lehemu ya matope.

Pili, vile sitini havitoki kwangu na havitoki kwako jinsi ulivyo. Omba likizo, wiki mbili, uje navyo hapa. Utakaa kwenye kiti, pasi utashika wewe, mimi nitakaa pembeni. Macho ni yako, masikio ni yangu. Lehemu ikiingia mapema nitaisikia na nitakupiga mkono. Septemba ikifika kabla hatujamaliza, mwambie asubiri, na asiposubiri achomelee mwenyewe, atajua kwa nini nilikukataza pasi miaka yote ile. Labda utaipoteza kazi. Mimi karibu nimeipoteza yangu na bado naamka asubuhi. Lakini kifaa kibovu hakitoki kwenye hii meza kwenda kwa mtu anayetafuta pumzi, hata kama ni cha kukuokoa wewe.

Tatu, tukimaliza nitapanda basi nawe mpaka huko kwako. Jumatano, umesema hana foleni. Nitamuuliza maswali kabla hajanigusa, na usinikonyeze wala kunikanyaga mguu nikimuuliza. Mke wako asipike kwa ajili ya mgonjwa, mimi si mgonjwa, ninakuja kukaguliwa.

Na mwambie mapema asije akashangaa: ni jicho moja tu. La kulia. La kushoto linabaki na mimi mpaka nione walichofanya kwenye la kwanza.

Shangazi yako.